Kumhamisha mwanafunzi kuna gharama yake

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wazazi wanaowahamisha watoto wao sekondari wakiamini kuwa shule yenye jina itawafungulia mlango wa chuo kikuu. Binti yangu alihama katikati ya mwaka. Daftari lake la hisabati lilikuwa limeishia kwenye milinganyo, ilhali wenzake wapya walikwisha kuingia trigonometria, na alama zake zikaporomoka muhula mzima, si kwa uvivu bali kwa pengo la mada. Chuo kinachopima matokeo ya miaka yote huuona mporomoko huo bila kujua chanzo chake, na mwalimu aliyemfahamu kwa miezi michache tu (hili ndilo linaloniuma zaidi) hawezi kumwandikia barua ya mapendekezo yenye uzito. Uhamisho usipoepukika, mzazi alinganishe kwanza mihtasari ya masomo, kisha aiombe shule mpya ikieleze chuo sababu za uhamisho huo.

Mzazi