Mtoto Hufuata Tumbo: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Massachusetts

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaikum, na salamu nyingi kutoka Tanga. Huku sote wazima. Bibi yako goti limetulia kidogo, na kila jioni ananiuliza kama baridi ya huko imepungua.

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema mnatakiwa kuandika insha juu ya matukio yaliyoigeuza Marekani katika siku zake za mwanzo, na yako umeshayapanga: chai iliyomwagwa bandarini Boston mwaka 1773, Azimio la Uhuru la 1776, vita vya Saratoga, na Katiba ya 1787. Hujakosea. Saratoga uieleze vizuri: jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Burgoyne liliposalimu amri tarehe 17 Oktoba 1777, Wafaransa waliona kwamba Wamarekani walioasi wanaweza kushinda, wakafunga nao mkataba Februari iliyofuata, na meli zao ndizo zilizowazibia Waingereza njia ya bahari kule Yorktown mwaka 1781, hadi wakasalimu amri. Hayo utayakuta kitabuni. Mimi nakuandikia kwa ajili ya mwaka mmoja ambao sikuuona kwenye orodha yako, 1662. Katika miaka yangu yote ya kufundisha historia, hakuna mwaka wa Marekani unaonichoma kama huo.

Anzia 1619. Tarehe 30 Julai, wajumbe waliochaguliwa walikutana ndani ya kanisa la Jamestown, Virginia, na hilo likawa bunge la kwanza la aina yake katika makoloni ya Waingereza ya Marekani. Mwishoni mwa Agosti, wiki chache tu baadaye, meli iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort, kwenye koloni hilo hilo, ikiwa na Waafrika 20 na ushei. Walikuwa wametolewa Angola, wakaporwa baharini kutoka meli ya Wareno iliyokuwa inaelekea Veracruz. Wakabadilishwa kwa chakula.

Ila wakati huo sheria ilikuwa haijasema wazi nani ni mtumwa, na watoto wake watakuwa nani. Ndipo anapoingia Elizabeth Key. Mama yake alikuwa Mwafrika, baba yake Mwingereza, Thomas Key, aliyewahi kuwa mjumbe wa bunge la Virginia. Baba alipanga binti atumikie miaka 9 kisha awe huru, lakini miaka ikapita na kupita. Bwana wake wa mwisho alipofariki mwaka 1655, wasimamizi wa mirathi wakamhesabu kuwa ni mtumwa, yeye na mwanawe mchanga. Elizabeth akaenda mahakamani. Hoja zake zilikuwa rahisi kueleweka: baba yangu ni Mwingereza huru, na kwa sheria ya Waingereza mtoto hufuata baba, nimebatizwa, na muda wangu wa kutumikia umekwisha. Mwaka 1656 akashinda.

Wenye mashamba walilielewa somo hilo haraka. Desemba 1662 bunge likapitisha sheria kwamba watoto wote watakaozaliwa katika nchi ile watakuwa watumwa au huru kwa kufuata hali ya mama peke yake. Mwaka 1667 likafunga na mlango wa ubatizo: mtumwa akibatizwa atabaki mtumwa.

Hapa mtu wa pwani lazima ashtuke. Utumwa ulikuwepo kwetu na ulikuwa ukatili, siutetei hata kidogo. Lakini suria akizaa na bwana wake, mtoto alizaliwa muungwana na akaingia katika nasaba ya baba. Sultani Majid na Sultani Barghash wa Unguja, wote wawili mama zao walikuwa masuria. Virginia, baba angeweza kuwa mjumbe wa bunge na mwanawe akaandikwa kwenye hesabu ya mali pamoja na ng'ombe. Bwana akimwingilia mjakazi kwa nguvu, alijiongezea mali. Mwanangu, nimekubeba miezi tisa, na kila nikifika hapo darasani sauti hunikwama.

Ndiyo maana nasema orodha yako haitakamilika bila mwaka huo. Katiba ya 1787 iliwahesabu watumwa, kila mmoja, kwa sehemu tatu kati ya tano za mtu walipokuwa wanagawa viti vya bunge, bila kulitaja neno lenyewe. Biashara ya kuwaleta kutoka nje ikapigwa marufuku kuanzia 1 Januari 1808. Mtu angetegemea utumwa upungue. Mwaka 1810 walikuwa takriban milioni 1.2; mwaka 1860 walikaribia milioni 4. Wengi mno kati yao hawakuletwa na meli. Walizaliwa pale pale, na sheria ya 1662, iliyokwisha kuenea katika makoloni mengine, ikawasubiri mlangoni. Jasho lao liliingia kwenye pamba, na pamba ikaingia kwenye viwanda vya huko ulipo. Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, wakaleta nguo zake Unguja. Muulize bibi yako kwa nini ile shuka ngumu isiyotiwa rangi huiita merikani.

Sasa nikupe la kukutia moyo, na liko kwenye jimbo lako. Agosti 1781, Waingereza kule Yorktown wakiwa bado hawajasalimu amri, kesi ya mwanamke mtumwa aliyeitwa Bett dhidi ya bwana wake, John Ashley, ilisikilizwa katika mahakama ya Great Barrington. Hakujua kusoma. Alichoshikilia ni maneno ya katiba mpya ya Massachusetts ya 1780, kwamba watu wote wamezaliwa huru na sawa. Baraza la wazee wa mahakama likampa uhuru wake na shilingi 30. Akajiita Elizabeth Freeman. Alikuwa na binti.

Nauli ya basi nitakutumia mwisho wa mwezi. Nenda Stockbridge, kaburi lake lipo kwenye viwanja vya familia ya Sedgwick, familia ya wakili aliyemtetea na ambayo baadaye aliifanyia kazi kwa ujira na kuwalea watoto wa wakili huyo. Watoto hao ndio waliomwekea jiwe alipofariki mwaka 1829. Wameandika kwamba alizaliwa mtumwa, na kwamba hakuwahi kuvunja uaminifu aliokabidhiwa. Mstari wa mwisho wanamuaga kwa kumwita mama mwema. Piga picha ya mstari huo unitumie.

Bibi anakusalimu, na mdogo wako pia.

Mama yako