Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vidonge vya B3 na Ngozi Zetu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watu wenye ualbino,

Mwaka huu swali lililonifuata kila nilipokwenda ni moja: "Mwenyekiti, vile vidonge vya kuzuia kansa ya ngozi tunavipata wapi?" Mambo ya ada na mahudhurio mtayasikia kwa mhazini na katibu. Mimi nina hili la vidonge.

Dawa inayosemwa ni nikotinamaidi, aina ya vitamini B3. Mwaka 2015 watafiti wa Australia, wakiongozwa na Profesa Diona Damian wa Sydney, walitoa matokeo ya utafiti wa watu 386 waliokuwa wameshapata saratani ya ngozi angalau mara mbili katika miaka 5. Nusu walimeza miligramu 500 asubuhi na jioni kwa mwaka mzima. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Saratani mpya za ngozi, isipokuwa melanoma, ile aina iliyo hatari zaidi, zilipungua kwa asilimia 23 kwa waliomeza dawa. Jua huzimaliza nguvu seli za ngozi, na dawa hii huzirudishia ili zijitengeneze. Lakini walipoacha kumeza, faida nayo ilikwisha. Tena mwaka 2023 utafiti mwingine, wa watu waliopandikizwa viungo, haukuona faida hiyo.

Habari ya Australia ni njema, siibezi. Ila utafiti ule haukutuhusu sisi wenye ualbino, tunaounguzwa na jua tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu shambani.

Na vidonge vyenyewe vina hatari ya kuchanganywa. Mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka 12, uso umewaka mwekundu mpaka masikioni, anajikuna shingo. Chupa aliyouziwa imeandikwa "niasini". Hiyo nayo ni B3, lakini siyo nikotinamaidi; hiyo hutanua mishipa ya damu na ngozi ikawaka moto. Mtoto alitulia baada ya saa moja hivi. Mama yake ndiye aliyelia, kwa kuwa alikuwa ameuza kuku wawili kupata hela ile.

Kwa hiyo kamati imeamua: fedha ya chama hainunui vidonge. Itanunua losheni ya jua na kofia pana, na kulipa nauli ya kliniki kwa yeyote mwenye kidonda kisichopona. Anayetaka vidonge amwone kwanza daktari wa ngozi.

Pia tunawaandikia madaktari wa ngozi wa hospitali ya KCMC Moshi, kulikoanzia kutengenezwa losheni yetu ya jua ya Kilisun, tukiomba dawa hii ichunguzwe kwa watu wenye ualbino, nasi tuwe tayari kushiriki. Barua iko mezani kwa katibu. Kabla ya kwenda kula, kila mmoja apite aweke sahihi, na asiyejua kuandika aweke dole gumba.