Wazee wanaojifanya vijana

Dodoma, 20 Novemba

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako. Uliniuliza kwenye simu kwa nini nakesha na kompyuta ilhali nyota ziko nje.

Ninazozitafuta hazionekani kwa macho. Nyota ikizaliwa hufunikwa na vumbi. Vumbi hilo hupata joto na kutoa infraredi (mwanga ambao jicho haliuoni), na darubini ya WISE, iliyorushwa na NASA Desemba 2009, iliipiga picha mbingu nzima kwa mawimbi manne: maikromita 3.4, 4.6, 12 na 22. Orodha ya vitu ilivyoviona, iitwayo AllWISE, ina vitu karibu milioni 747, na yeyote anaruhusiwa kuipakua (bando langu ndilo linalolia).

Nyota changa hung'aa kupita kiasi kwenye mawimbi marefu. Tabu ni kwamba nyota kongwe zinazokaribia kufa nazo hujifunika vumbi, na galaksi za mbali zenye kiini kikali zina rangi hizohizo. Basi kompyuta hupewa mifano inayojulikana, nayo huchora mpaka kati ya makundi. Mwaka 2016 Gábor Marton na wenzake walitumia SVM, mbinu mojawapo ya kuchora mpaka huo, wakapata zaidi ya nyota 133,000 zinazodhaniwa kuwa changa.

Nami nikajaribu. Usahihi asilimia 99! Nikatamba wiki nzima. Mwalimu akauliza swali moja tu: mifano yangu ilikuwa nusu nyota changa, nusu vitu vingine? Ndiyo. Akaguna. Wewe wa maabara umeshajua nilipoteleza: kipimo kizuri, ugonjwa adimu. Angani changa si nusu, ni chache mno. Tuseme kati ya vitu milioni moja, changa ni 1,000. Kosa la asilimia moja tu linakuletea za uongo karibu 10,000. Katika kila kumi na moja unazozishangilia, kumi ni feki.

Sasa natafuta tu pale ambapo ramani ya Planck, darubini ya anga ya Ulaya, inaonyesha vumbi zito, maana vichanga haviendi mbali na kitanda. Halafu nazikagua picha moja moja kwa macho. Jana, kati ya 40 nilizofungua, 11 hazikuwa hata nyota, ni mabonge ya wingu tu yaliyong'aa kwenye maikromita 22.

Ukikiona Kilimia, lile kundi la nyota, jioni hii huko Tanga, ujue kwangu kile ni kizee: kina miaka kama milioni 100.

Msalimie mama. Na ile khanga yangu, usijifanye umesahau.

Wako,
Rehema