Tarehe ya uchaguzi si ya kufanyiwa utani

Mhariri,

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, utani uleule hurudi: chama hiki kinapiga kura Jumanne, kile kingine Jumatano. Watu hucheka na kusambaza. Anayelalamika huambiwa kwamba mtu wa kuamini upuuzi huo hastahili hata kupewa karatasi ya kura. Jibu hilo ndilo linaloniudhi kuliko utani wenyewe, maana linamkalia kooni aliyedanganywa na kumwacha mdanganyaji aende zake.

Virginia, mwaka 2008. Siku chache kabla ya kura, kikaratasi kilizagaa eneo la Hampton Roads kikiwa na nembo ya kuigiza Bodi ya Uchaguzi ya jimbo. Kilisema kwamba kwa kuwa wapiga kura wanatarajiwa kuwa wengi mno, wa Republican waende tarehe 4 Novemba na wa Democrat tarehe 5. Polisi wa jimbo walikifuatilia hadi kwenye chanzo, wakaeleza kuwa ulikuwa utani wa ofisini uliotoka nje. Hakuna aliyeshtakiwa, ingawa sheria ya jimbo hilo ilikuwa tayari inakataza kumpa mpiga kura, kwa kujua, habari ya uongo kuhusu tarehe, saa au mahali pa kupigia kura. Kisha usiku wa kuamkia siku yenyewe, jumuiya ya Chuo Kikuu cha George Mason ilipokea baruapepe yenye jina la mkuu wa taaluma: uchaguzi umesogezwa hadi tarehe 5. Chuo kilikanusha asubuhi, vituo vikiwa vimefunguliwa tangu saa 12.

Ana kwa ana, utani hubebwa na sauti, uso na kujuana. Barua ikishasambazwa mara mbili, mchekeshaji haonekani tena; inayobaki ni nembo. Halafu uongo huu huja na sababu inayoingia akilini. Mwaka ule foleni zilitarajiwa kuwa ndefu kweli. Na taratibu za Marekani hutofautiana jimbo kwa jimbo, kuna kura za mapema na kura za posta, hivyo aliyepata uraia juzi akisikia tarehe mbili hana cha kumshangaza. Mkenya ndiye kabisa: tarehe 8 Agosti 2022, mkesha wa uchaguzi, tume ya kwao iliahirisha kweli kura za ugavana wa Mombasa na Kakamega, na zikaja kupigwa tarehe 29. Amezoea pia kutuma ujumbe mfupi kwa 70000 kuhakiki usajili wake. Mtu kama huyo akiona tangazo la kupiga kura kwa ujumbe mfupi, ujinga wake uko wapi?

Tangazo la namna hiyo lilikuwepo. Mwaka 2016 picha za mtandaoni ziliwaambia wafuasi wa Hillary Clinton wapige kura kwa kutuma jina lake kwa 59925. Namba za simu zisizopungua 4,900 zilituma. Si zote za waliodanganyika, wengine walikuwa wakipima tu. Mmoja wa waliozisambaza, Douglass Mackey, alitiwa hatiani mwaka 2023 kwa sheria yenye mizizi ya mwaka 1870, inayokataza kula njama ya kuwanyima watu haki zao, akahukumiwa kifungo cha miezi 7. Julai 2025 mahakama ya rufaa ilifuta hatia hiyo kwa kuwa ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba alikula njama na wenzake. Muswada wa kukabili uongo wa aina hii, ambao Barack Obama aliupeleka akiwa seneta mwaka 2007, haukuwa sheria. Kwa hiyo mahakama zisingojewe.

Ukipata baruapepe kama hiyo, usiisambaze hata kwa kuikejeli. Ihifadhi, kisha ipeleke kwa msajili wa wapiga kura wa kaunti yako ikiwa kiambatisho, kwa sababu ukiipeleka kwa njia ya kawaida vichwa vya kiufundi vinavyoonyesha ilikopitia hupotea. Picha ya skrini nayo haivibebi. Ukifungua chanzo kamili cha barua utaona matokeo ya vipimo vitatu vya kukagua kama imetoka kweli kwenye anwani inayodaiwa: SPF, DKIM na DMARC. Vikifeli, huenda jina la mtumaji limeghushiwa. Vikifaulu, usitulie: barua iliyotumwa kutoka akaunti iliyodukuliwa hufaulu vyote. Ndiyo maana kipimo cha uhakika ni kalenda. Siku ya uchaguzi mkuu wa Marekani, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, ilitokana na sheria ya mwaka 1845, na hakuna mkuu wa chuo mwenye uwezo wa kuisogeza.

Wanaokanusha ndio hukosea zaidi. Huandika kichwa cha barua "Kuhusu taarifa ya kuahirishwa kwa uchaguzi", na msomaji anayepitisha macho kwenye simu huondoka na neno moja, kuahirishwa. Anza na ukweli kwenye kichwa chenyewe: "Uchaguzi ni leo, vituo vinafungwa saa 1 jioni". Uongo utajwe mara moja, chini, bila kuunakili. Tumia orodha ileile ya wapokeaji, ongeza ujumbe mfupi kwa walio kazini au darasani, na usiweke kiambatisho. Aliyekwisha kudanganywa asubuhi hatafungua faili usiku. Rudia adhuhuri, na tena saa 11 jioni, safari hii ukiongeza jambo ambalo wengi wa Virginia hawalijui: aliye kwenye foleni ifikapo saa 1 anapiga kura hata kama mlango umefungwa nyuma yake.

Msomaji wako,
Virginia, Marekani