Mhariri, tuwekeeni na swali lenyewe

Mhariri, habari za kazi.

Kila zikitoka takwimu za imani ya watu kwa vyombo vya habari nyie mnaandika kichwa kilekile, imani yaporomoka, chini yake asilimia moja kwa maandishi makubwa na maneno mawili matatu ya mtaalamu, basi. Swali waliloulizwa hao watu liko wapi? Sasa msomaji nitalipimaje jibu wakati swali silijui, sisemi mnalificha makusudi ila ndo hivyo halipo.

Chukua Gallup, wale wapima maoni wa Marekani. Hawa walianza kuuliza 1972, wanataka kujua una imani kiasi gani na magazeti, TV na redio kwamba zinaripoti habari kikamilifu, kwa usahihi na kwa haki, unachagua kubwa sana, ya kutosha, kidogo au hamna kabisa. 1976 waliochagua mawili ya mwanzo walikuwa asilimia 72, 2024 wakawa 31. Hapo sibishi, kuna kitu kimetokea. Lakini 2023 ilikuwa 32, na kwa sampuli ya watu kama elfu moja makosa yanaweza kwenda pointi tatu juu au chini, kwa hiyo mtu akiandika imeshuka tena kwa sababu ya hiyo pointi moja anatuchezea tu. Halafu ukiipasua hiyo 31 unakuta wafuasi wa Democrat 54 na wa Republican 12, yaani wastani wenyewe haufanani na upande wowote.

Na hilo neno vyombo vya habari, jamani. Ukiniuliza mimi nafikiria gazeti, mwingine anafikiria wale wanaobishana kwenye TV usiku, mwingine video aliyotumiwa na shemeji yake WhatsApp, wote mnawatia kapu moja mnatoa asilimia. Reuters Institute ya Oxford wenyewe waliona hilo, wakawa wanauliza habari kwa ujumla na pia habari unazotumia wewe mwenyewe, na 2020 ya kwanza ilipata 38 ya pili 46. Watu walewale! Ila ile 46 sikumbuki kuiona kwenye kichwa cha habari popote.

Reuters pia hawaulizi kama Gallup, wao wanakupa sentensi kwamba habari nyingi zinaaminika mara nyingi, wewe useme unakubali au hukubali, na kuna watu wakipewa sentensi huitikia ndiyo tu yaishe. Tena wanahoji watu walio onlaini, na ripoti yao inakiri wazi kwamba pale intaneti haijaenea sampuli inaelemea waliosoma na wa mijini. Afrobarometer kwa mfano, wanaopima maoni ya watu Afrika, wanakwenda uso kwa uso na kumhoji mtu kwa lugha anayoichagua, huwezi kuchukua namba za hawa na za wale ukazichora kwenye grafu moja kama vile ni kitu kimoja.

Msinijibu eti waliohojiwa ni wengi. 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi kama milioni 10, zikarudi milioni 2 na ushee, likatabiri Landon anashinda urais wa Marekani, Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Shida ni nani anajibu. Pew, watafiti wengine wa maoni wa Marekani, walipiga hesabu ya tafiti zao za simu, 1997 waliokubali kuhojiwa walikuwa asilimia 36, 2018 wakabaki 6. Wataalamu wana njia za kurekebisha umri, elimu, jinsia na kadhalika, sawa, lakini hapa tunapima imani yenyewe, na mtu asiyemwamini mtu yeyote kwa nini akae dakika kumi kwenye simu na mgeni anayemuuliza maswali? Huyo keshakata. Kwa hiyo huenda hali ni mbaya kuliko mnavyoandika, hata hilo linawezekana, mimi sipo hapa kuwatetea waandishi.

Ninachoomba ni kisanduku kidogo tu pembeni ya habari, swali kama lilivyoulizwa, waliulizwa wangapi, kwa simu au onlaini au uso kwa uso, lini, na nani kalipia. Mkikosa nafasi punguzeni picha ya mtaalamu.

Msomaji wenu wa siku nyingi