Lord Erroll alikuwa damu ya mfalme

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Lord Erroll, yule Mwingereza aliyekutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake la Buick nje kidogo ya Nairobi, Januari 1941, imejaa pombe, wake za watu na kesi ya Jock Delves Broughton, aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo na ambaye mahakama ilimwachia huru. Ukoo wa marehemu mmeupita kwa mstari mmoja, mkaupachika neno "haramu", eti uliishia pale barabarani. Haukuishia, na mimi naona hapo ndipo penye utamu.

Erroll alikuwa kilembwe wa Elizabeth FitzClarence, binti wa nje ya ndoa wa Mfalme William wa Nne wa Uingereza. Kabla hajatawala, William aliishi miaka 20 hivi na Dorothea Jordan, mwigizaji aliyependwa sana London, wakazaa watoto 10. Mwaka 1811 akamwacha. Mama yule alipewa posho na kuachiwa mabinti wadogo, kwa sharti kwamba asipande tena jukwaani. Madeni ya mume wa bintiye yakamlazimu kurudi kazini, posho ikapunguzwa na mabinti wakachukuliwa. Alifariki Saint-Cloud, Ufaransa, mwaka 1816, hana kitu, huku baba watoto akielekea kwenye kiti.

Watoto lakini hakuwakana. Baadhi ya mabinti waliolewa na malodi, Adolphus akapanda vyeo katika jeshi la majini, Augustus akawa kasisi. George, kifungua mimba, alipewa cheo cha Earl wa Munster mwaka 1831, akaona ni kidogo. Mwaka 1842 alijiua kwa bastola. William alipofariki mwaka 1837, wanane kati yao walikuwa hai. Taji likawaruka wote likaenda kwa mpwa wake Victoria, msichana wa miaka 18.

Sasa tazama Unguja ya wakati uleule. Mwaka 1836 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alimpelekea William zawadi ya manowari Liverpool, yenye mizinga 74, iliyoundwa Bombay. Waingereza wakaibatiza Imaum. Aliyetoa zawadi ile alifariki mwaka 1856, na watoto 36 aliowaacha hai wote walikuwa wa masuria. Hata hivyo mwanawe Majid akatawala Zanzibar na Thuwaini Oman, na Barghash naye akaja kukalia kiti. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria ambaye baba amemkubali ni halali, anarithi kama wa mke wa ndoa. (Sisifu usuria, wengi wa akina mama wale walinunuliwa.) Ninachosema ni kwamba George FitzClarence angezaliwa Mtoni, kwenye jumba la Sayyid Said huko Unguja, angekuwa na haki ya kugombea kiti na ndugu zake. Kwa kuwa alizaliwa Uingereza, aliishia kumlilia baba yake ampandishe cheo.

Kwa hiyo neno "haramu" mlilomwekea Elizabeth na uzao wake mngelitumia kwa uangalifu zaidi. Na huo ukoo mliouzika haujafa: cheo cha Erroll ni cha Uskoti na mwanamke anaweza kukirithi, hivyo kilimwendea binti yake, Diana, akiwa na miaka 15. Hata David Cameron, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, anatokana na Elizabeth huyohuyo.

Msomaji wenu,
Kiambu