Polima nzito leo, maji matupu baada ya miezi mitatu

Karibu kila mteja anayetupigia kuhusu polima ya kusukumia mafuta kutoka ardhini huanza na swali hilo hilo: polima yenu ina mnato kiasi gani, yaani inayafanya maji kuwa mazito kiasi gani? Nasi humuuliza: mnato wa siku ya ngapi?

Maji matupu yakiingizwa kwenye mwamba wenye mafuta mazito hutafuta njia ya mkato, yakafika kisima cha kutolea mafuta na kuacha mali nyuma. Polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, huyapa mnato, yakasonga kwa pamoja. Huko Daqing, China, kazi hii inafanyika kibiashara tangu 1996, na mwamba wake una joto la nyuzi 45 hivi. Kwa hali kama hiyo poliakrilamidi ya kawaida, polima iliyozoeleka kwa kazi hii, inatosha. Hatutakuuzia ya ghali.

Kasheshe ni mwamba wa nyuzi 90 wenye chumvi kali. Mnyororo wa polima hunyooka kwa sababu chaji zake hasi zinasukumana. Chumvi ikizifunika, mnyororo unajikunja na mnato unashuka palepale. Hilo angalau unaliona mapema. Joto ndilo linalokuvizia: ukipita nyuzi 70 hivi, vikundi vya amidi kwenye mnyororo hugeuka taratibu kuwa akrilati, vikundi vyenye chaji hasi, na akrilati ikizidi ikakutana na kalsiamu, polima inajitenga na maji. Chupa ya majaribio iliyoingia kwenye oveni ikiwa nzito kama uji unaitoa ina maji juu na utando mweupe chini.

Ndiyo maana kwa miamba hiyo tunachanganya akrilamidi na ATBS, monoma (kipande cha kujengea mnyororo) yenye salfoneti, kikundi chenye salfa, ambayo haishikani na kalsiamu kirahisi. Ni ghali zaidi, na minyororo yake mara nyingi huwa mifupi, kwa hiyo kipimo cha polima kinaweza kupanda. Yeyote anayekuahidi ubora huo kwa bei ya ile ya kawaida anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Jambo moja huharibu majaribio mengi: hewa. Maji ya kisimani mara nyingi yana chuma kilichoyeyuka. Oksijeni ikiingia, vikikutana hukatakata minyororo, kisha lawama anabebeshwa muuzaji wa polima. Kwa hiyo usituletee maji kwenye ndoo wazi. Chuma na gesi vipimwe kisimani penyewe, nasi tutayatengeneza maji yako upya maabara, bila oksijeni, na kuyaweka na polima kwenye joto la mwamba wako kwa miezi, si siku.